Bata Mzinga wa Bwana Grandvoinet

Toa mkono kwenye turubai, msomaji. Mkono wa Inspekta Trouillet umeshafika, nao ni mzito kuliko wako.

Najua juma zima umekaa roho juu. Barua zenu nimezipata, hata ile ya bibi aliyetishia kuja kuning'oa masharubu. Basi twende.

Karakana ya chapa ya Mama Pruvost, hapa Paris, Jumanne saa mbili asubuhi. Polisi wanne wako ndani. Katikati ya chumba kuna meza, mezani kuna jiwe la kuchapia picha, na juu ya jiwe kuna turubai. Jiwe hilo ndilo lililochorwa bata mzinga aliyevaa joho la sheria, kasimama juu ya rundo la magazeti, anadonoa herufi moja moja kama punje za shayiri. Chini yake pameandikwa: "Ameshiba, lakini hajaacha."

Mji mzima unajua bata huyo ni nani. Ni Bwana Fulgence Grandvoinet, Mwendesha Mashtaka wa Mfalme. Tangu Januari amefunga magazeti matatu, na chini ya kidevu chake ana nyama nyekundu inayotikisika akikasirika. Picha zimeshauzwa mji mzima, na sasa wiki ya pili gari lake halipiti mtaani bila mtu kumlilia kutoka dirishani: "Gulugulugulu!"

Jiwe likionekana, mchoraji anakwenda jela miezi sita. Karakana inafungwa. Wanawake kumi na wawili wanaopaka rangi picha hizo kwa mkono wanarudi kwao kukaa.

Na mchoraji mwenyewe, Zéphirin Baudry? Yuko hatua tatu kutoka mezani, kajikunja ndani ya kabati la karatasi, jicho kalibandika kwenye tundu la ufunguo.

"Mama Pruvost," Inspekta akasema, "kabla sijafunua, una la kusema?"

"Ninalo. Futa miguu."

"Nini?"

"Sakafu imepigwa deki sasa hivi. Kukamatwa nitakamatwa, lakini matope yako sitayadeki mara ya pili."

Inspekta akafuta miguu. Polisi wenzake nao wakafuta, kwa foleni. Kisha akashika pembe ya turubai, akaivuta kwa nguvu zote.

Jiwe lilikuwa jeupe.

Jeupe pe! Halina bata, halina joho, halina hata nukta. Inspekta akainama, akalinusa. Akalipapasa kwa kiganja. Akaligeuza uso.

"Bata yuko wapi?"

"Bata?" Mama Pruvost akashika kiuno. "Baba, hapa ni karakana. Soko la kuku shuka huku, pinda kushoto."

Polisi mmoja akacheka puani. Pembeni, Sidonie Marchais, mkubwa wa wapaka rangi, alikuwa kakunja mikono kifuani, na mikono ya gauni lake imelowa hadi viwikoni. Nusu saa kabla, alipowaona polisi wakinywa kahawa pembeni mwa mtaa, Sidonie hakumwuliza mtu. Alichukua mchanga na maji, akalisugua jiwe mpaka bata akaenda na maji machafu. Hata mchumba wake hakumwambia. Na mchumba wake ni nani? Ni huyo aliyeko kabatini.

"Tumepoteza asubuhi yetu," Inspekta akasema. "Twendeni."

Wameokoka, msomaji! Polisi wa kwanza katoka. Wa pili katoka. Inspekta ameshavaa kofia.

Kabati likafunguka kwa kishindo.

"Nani kamfuta bata wangu?"

Zéphirin alitoka na karatasi kichwani, macho yamemtoka.

"Siku kumi na moja! Kila unyoya nimeuchora peke yake! Yule hakuwa bata wa kufutwa kama sufuria! Nani kafanya hivi? Ajitokeze!"

Sidonie akafumba macho. "Zéphirin," akasema polepole, "rudi kabatini."

"Sirudi!"

"Mwanangu, rudi kabatini," Mama Pruvost akamsihi.

"Bata wako, umesema?" Inspekta akauliza kwa upole, akivua kofia tena.

Hapo ndipo Zéphirin alipomkumbuka Inspekta. Akarudi kabatini kinyumenyume, akavuta mlango.

Walimtoa. Sidonie alitembea naye mpaka kwenye gari la polisi, analia na kumtukana kwa zamu. "Mpumbavu wewe! Umekula lakini? Nimekuokoa, ukajiita mwenyewe! Shika skafu, kuna baridi!"

Garini, walipobaki wawili, Inspekta akakohoa. Akatazama nje kwanza.

"Yale macho," akanong'ona.

"Macho gani?"

"Ya bata. Uliyapataje vile? Kama mtu aliyeonja siki akaambiwa ni mvinyo. Mke wangu ameibandika ile picha jikoni. Nikichelewa kurudi ananionyesha kwa mwiko." Akajisahau, akacheka hadi bega likagonga mlango. Kisha akajirekebisha. "Sikusema kitu. Uko chini ya ulinzi."

*

Kesi ilipangwa Alhamisi ya juma lililofuata. Siku moja kabla, Sidonie alikwenda rumande na mkate na jibini, na wazo.

"Nimekusamehe," akasema kupitia nondo. "Usiniulize kwa nini, maana hata mimi sijui. Sasa nisikilize wee mwanamume. Kumchora Grandvoinet ni kosa?"

"Miezi sita."

"Kumchora bata?"

"Si kosa."

"Basi umechora bata."

"Sidonie, Paris nzima inajua yule ni Grandvoinet!"

"Inajua. Lakini nani atakayesimama mahakamani aseme? Atakayesema 'bata huyu ni Bwana Mwendesha Mashtaka' aliyemtukana ni yeye, si wewe."

Zéphirin akaacha kutafuna. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda, kikamtoka na makombo ya mkate. Askari wa zamu akaja mbio akidhani mfungwa kapaliwa.

"Niahidi kitu kimoja," Sidonie akasema. "Kesho usiwe mchoraji. Kwa saa mbili tu. Uwe mtu wa kawaida."

"Naahidi."

*

Saa nne asubuhi ukumbi wa mahakama haukuwa na pa kutia mguu. Wauza kofia, wanafunzi, mabibi wenye miwani ya mkononi, wapishi waliotoroka majikoni. Wapaka rangi kumi na mmoja wa Mama Pruvost walikaa safu moja, na Sidonie wa kumi na mbili. Kitini alikaa Jaji Lhuillier, mzee mwenye macho mabovu na subira nyingi.

Wenzake walimshauri Grandvoinet kesi hiyo amwachie mtu mwingine. Alikataa. Alitaka kumshitaki adui yake kwa mdomo wake mwenyewe. Alipoingia, joho likipepea na kifua mbele, mtu mmoja huko nyuma akasema "gulu" kidogo tu, na ukumbi mzima ukaangalia chini na kuumauma midomo.

"Mheshimiwa Jaji," akaanza, "kielelezo hiki, picha iliyouzwa madukani, ni tusi kwa ofisa wa Mfalme. Namwita Inspekta Trouillet."

Inspekta akapanda.

"Inspekta, tazama kielelezo. Unamwona nani?"

"Bata, Bwana."

"Tazama vizuri."

Inspekta akatazama vizuri. "Bata mzinga, Bwana."

"Hakukumbushi mtu yeyote?"

Jasho likamtoka Inspekta. "Mama mkwe wangu, Bwana, akivaa kanzu yake ya Jumapili."

Ukumbi ukapasuka. Akaitwa mwenye duka la picha, yeye akadhani ni mpangaji wake wa juu. Akaitwa mwalimu mstaafu, akainama karibu, akachunguza, akainuka na huzuni.

"Nasikitika kusema, Mheshimiwa, nadhani ni mimi."

"Mmekula njama!" Grandvoinet akafoka. Nyama ya kidevuni ikatikisika. "Mnaona wazi ni nani!"

"Ni nani, Bwana?" Zéphirin akauliza kutoka kizimbani, kwa adabu tele.

Grandvoinet akavuta pumzi. Mdomo ukafunguka, na hapo hapo akaona shimo lilipo. Akaufunga.

"Tunasubiri," Jaji akasema. "Mwandishi wa mahakama anahitaji jina."

"Jina... jina litajulikana baadaye!"

"Mheshimiwa," Zéphirin akasema, "mimi nilimchora bata niliyemwona sokoni. Nina shahidi. Tena nina bata."

Mlango ukafunguka. Mama Goulard wa soko la kuku akaingia, mwanamke mpana mwenye mabega ya mbeba magunia, na kwapani amembana bata mzinga mkubwa anayetazama watu kwa dharau.

"Huyu anaitwa Kanali," akasema, akimweka juu ya meza ya vielelezo. "Mheshimiwa, niwie radhi, hajazoea mahakama. Mimi nimezoea."

"Mwondoe mnyama huyo!" Grandvoinet akaunguruma. "Hii ni dharau kwa sheria!"

"Gulugulugulu!" Kanali akajibu.

"Mheshimiwa Jaji, naomba..."

"Gulugulugulu!"

"Nanyamazishwa na kuku?"

"Gulu!"

Mbavu, msomaji, mbavu! Mpishi mmoja alitolewa nje kwa kubebwa. Karani wa mahakama aliinamisha uso ndani ya kitabu, mgongo ukimrukaruka. Hata Jaji Lhuillier alijifuta macho, akasingizia mafua.

Kila Grandvoinet alipopaza sauti, Kanali alijibu. Alipopunguza, Kanali alimsubiri. Mwishowe akajifunza, maana si mjinga yule bwana, na hapo ndipo hatari ilipoanza. Akasema kwa kunong'ona:

"Vema. Mshitakiwa huchora anachokiona. Bata huyu hapa. Apewe karatasi na kalamu ya mafuta, achore mbele yetu. Kama atachora kuku wa Mama huyu, aende nyumbani. Lakini kama kalamu yake itatoa tena macho yangu..."

Akasita.

"Macho ya nani?" Jaji akauliza.

"Macho ya kielelezo!"

"Mwandishi, andika alivyosema mwanzo."

Lakini mtego ulikuwa umetegwa. Sidonie aliuona kabla ya mtu yeyote. Mkono wa Zéphirin ulijua bata mmoja tu. Akiuachia, utatoa macho yale yale, shingo ile ile, na kila mtu ataona mkono ni ule ule na nia ni ile ile. Njia ya kutoka ilikuwa moja.

Zéphirin akapewa karatasi. Akamtazama Sidonie. Sidonie, bila sauti, akamwambia kwa midomo tu:

"Vibaya. Chora vibaya."

Zéphirin akapauka.

Tangu utotoni hajawahi kuchora vibaya. Alipokuwa na homa alichora vizuri. Alipolewa siku ya harusi ya dada yake alichora vizuri, tena ukutani. Sasa aombwe, mbele ya Paris nzima, mbele ya wanafunzi wa sanaa waliojazana nyuma, achore kama asiyejua!

Akashika kalamu kwa mkono wa kulia. Mkono ukaanza kuchora shingo nzuri kabisa. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akauvuta. Ikashindana, mkono na mkono, mbele za watu. Akatia mguu mahali pa bawa. Mdomo akauweka pasipo na kichwa. Chozi likamdondoka kwenye karatasi, akalipaka, likawa mkia.

"Nimemaliza," akasema.

Jaji akavaa miwani. Akaigeuza karatasi kichwa chini, akairudisha.

"Hiki ni kitu gani?"

"Bata, Mheshimiwa."

"Mimi naona buli lililokanyagwa na farasi."

"Ni bata, Mheshimiwa."

"Mjukuu wangu ana miaka minne. Angekufundisha." Jaji akaipitisha karatasi kwa karani, karani kwa Inspekta, Inspekta kwa watu wa mbele. Ukumbi ukaangua kicheko, na mara hii kilikuwa cha kumcheka Zéphirin. Wanafunzi wa sanaa walijipiga mapaja. Yeye kasimama kizimbani, shingo wima, uso umewaka moto, anakipokea chote. Sidonie alilia waziwazi. Hajawahi kumpenda mtu namna ile.

"Jambo ni wazi," Jaji akasema. "Aliyechora kielelezo ni fundi wa hali ya juu. Mtu huyu hajui hata bata ana miguu mingapi. Alijisifia kabatini, na hapa kizimbani pia, kitu kisicho chake. Nitamwachia."

Shangwe! Kofia zikaruka juu! Mama Pruvost akambusu Mama Goulard, Mama Goulard akambusu Inspekta, Inspekta hakukataa.

"Ngojeni!"

Grandvoinet alikuwa juu ya kiti.

"Kama si yeye, ni nani? Yupo mchoraji! Yumo humu ndani, amekuja kuchekelea! Hakuna atakayetoka mpaka nimpate!" Macho yake yakakimbia kwenye safu, yakarudi, yakakwama. "Yule! Yule msichana! Tazameni vidole vyake!"

Vidole vya Sidonie vilikuwa vyekundu. Nani asingekuwa na vidole vyekundu, aliyepaka rangi videvu mia tatu vya bata?

"Rangi ni ile ile ya kielelezo!" Grandvoinet akapiga kelele, na Kanali akamjibu, lakini safari hii hakuna aliyecheka. "Mkamateni!"

Polisi wawili wakamshika Sidonie mikono. Zéphirin akaruka ukingo wa kizimba, mguu ukanasa, akaning'inia nusu ndani nusu nje.

"Mwacheni! Nitasema kweli! Aliyechora ni..."

"Ni mimi."

Sauti ilitoka safu ya mbele kabisa, ya mabibi. Ilikuwa ya mwanamke, tulivu, kama ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Bibi mmoja alikuwa amesimama. Gauni la kijivu, glavu za kijivu, kofia isiyo na manyoya. Grandvoinet aligeuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nyama ya kidevu chake ikatulia tuli.

"Eulalie," akasema. "Kaa chini."

"Nimekaa miaka kumi na tisa, Fulgence." Akamgeukia Jaji. "Mimi ni Bibi Grandvoinet, Mheshimiwa. Mwacheni binti huyo. Bata nilimchora mimi."

Mnamwamini? Jaji hakumwamini.

"Bibi, unaweza kuchora?"

"Nipeni karatasi."

Akavua glavu moja. Hakumtazama Kanali hata mara moja. Alimtazama mumewe, na mumewe akasimama kama mtu aliye mbele ya kinyozi mwenye wembe. Kalamu ilikwenda bila kusita. Wanafunzi wa sanaa walisimama juu ya viti kuona. Mmoja akasema, "Mama yangu!"

Jaji akaipokea karatasi. Akaisogeza karibu na macho.

"Bibi, hapa hakuna bata. Huyu ni kijana. Mwembamba, nywele zimemvurugika, anacheka. Ni nani?"

"Ni yule niliyeolewa naye, Mheshimiwa. Alikuwa akinisomea magazeti kwa sauti, yote, hata matangazo, na tulikuwa tukicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Yule aliyevaa joho kwenye kielelezo ndiye aliyenirudia kutoka wizarani."

Hakuna aliyecheka. Kanali mwenyewe alinyamaza. Karatasi ikafika mkononi mwa Grandvoinet. Aliishika kwa ncha za vidole, kana kwamba ni ya moto.

"Bwana Mwendesha Mashtaka," Jaji akasema kwa sauti ndogo, "mkono huu ni wa fundi, na mkeo amekiri. Sheria unaijua kuliko mimi. Kosa la kumtukana ofisa wa Mfalme ni miezi sita. Unataka niendelee?"

Msomaji, tazama mahali alipofika! Akisema ndiyo, mkewe analala jela. Akisema hapana, magazeti yote, yaliyofungwa na yasiyofungwa, yatasema sheria yake huishia mlangoni kwake.

Grandvoinet akavua kofia yake ya sheria. Kichwa kilikuwa na kipara kidogo ambacho hakuna mtu Paris aliyewahi kukiona.

"Mheshimiwa," akasema, na mara hii hakufoka wala hakunong'ona, "kwa sheria za nchi hii mwanamke aliyeolewa hauzi kitu, hachapishi kitu, hatii saini popote bila idhini ya mumewe. Ndivyo?"

"Ndivyo," Jaji akajibu, kwa wasiwasi.

"Basi kama mke wangu amechapisha picha, ameichapisha kwa idhini yangu. Na kama picha hiyo inanitukana, aliyenitukana ni mimi."

"Bwana Grandvoinet..."

"Namshitaki Fulgence Grandvoinet kwa kosa la kumtukana Fulgence Grandvoinet! Sheria ni sheria! Inspekta, fanya kazi yako!"

Inspekta akatazama kulia, akatazama kushoto. Akampigia saluti mshitaki, kisha akamshika mkono mshitakiwa, naye ni yule yule.

Huko nyuma ukumbi ulilipuka upya. Watu walikumbatiana wasiojuana. Karani alitupa kalamu juu. Mama Goulard alikuwa anapiga kelele kwamba sasa Kanali anapanda bei, na Jaji Lhuillier, kichwa kati ya mikono, aliuliza kama kuna mtu yeyote humu ndani aliyesoma sheria amweleze nani atahoji na nani atajibu.

Kwenye zogo hilo Grandvoinet alitembea mwenyewe hadi kizimbani. Zéphirin, ambaye mguu wake ulikuwa umenasuka punde tu, alikuwa kaketi pale akimpungia mkono Sidonie aliyeachiwa.

"Sogea," Grandvoinet akasema.

Zéphirin akasogea. Wakakaa bega kwa bega kwenye ubao mmoja, bwana aliyechorwa na bwana aliyemchora. Grandvoinet aliutazama umati. Alitabasamu, hata akainua mkono kidogo, na umati ukampigia makofi, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Sidonie alikuwa amefika. Alijiegemeza kwenye ukingo wa kizimba, mkono tayari kumshika Zéphirin, na kwa hiyo alisikia kila neno. Maana Grandvoinet alizungumza bila kuacha kutabasamu, wala midomo yake haikusogea.

"Kijana, mke wangu alifundishwa kuchora nyuso. Nyuso tu. Miguu ya bata hawezi, nimemwona akijaribu. Leo amejitupa jela kwa ajili ya picha yako." Akampungia mkono mwanafunzi mmoja kule nyuma. "Sasa niambie taratibu, watu wasisikie. Wewe na Eulalie mmejuana tangu lini?"

Zéphirin Baudry hajawahi kumwona bibi yule kabla ya siku hiyo. Angeweza kuapa. Akageuka amwambie Sidonie hivyo, akakuta mkono uliokuwa umenyooshwa kwake umesharudishwa.

"Hebu mjibu bwana," Sidonie akasema. "Hata mimi nasikiliza."